Mtoto Yu Mikononi mwa Nani?

Mwaka unapokaribia kwisha, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mabasi na magari yaliyosheheni watu, mizigo na watoto. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na waifanyao hawahesabu uchovu, maana wanakwenda kwao: Rombo, Marangu, Kibosho, Uru, Machame. Wachagga ndio wasifiwao, na pengine kutaniwa, kwa desturi hii, lakini si wao peke yao. Mhaya hurudi Bukoba, Mmatengo hurudi Mbinga, na asiyesafiri hupokea waliosafiri. Nyumba iliyokuwa na watu watano hulaza watu ishirini. Bibi humpakata mjukuu aliyemjua kwa picha tu. Shangazi humbeba, binamu humnyang'anya shangazi, na majirani huja kutazama anafanana na nani. Katika mwaka mzima hakuna siku ambazo mtoto mdogo huzungukwa na watu wengi wampendao kama siku za Noeli.

Na katikati ya watu hao wote mtoto huweza kutumbukia katika ndoo ya maji akafa, pasiwe na mtu hata mmoja aliyemwona.

Twapenda wasomaji wetu walitafakari jambo hili mapema, kabla masufuria hayajapanda mekoni. Yawezekanaje mtoto apatwe na msiba mahali penye macho arobaini, naye asipatwe mahali penye macho mawili tu? Na jambo kama hilo likitokea, je, ni haki kusema kwamba yuko mtu aliyekosa, au tuseme kama isemwavyo matangani siku zote, kwamba kazi ya Mungu haina makosa? Wako watakaotuambia kwamba haya ni mambo ya ndoo na masufuria, wala hayastahili kuitwa maswali ya dhamiri. Sisi twaona kwamba maswali magumu ya dhamiri hukaa zaidi jikoni na uani kuliko mahali pengine, ila huko hayana wa kuyaandika.

Katika Injili ya Luka, sura ya pili, imo habari ambayo tumeizoea mno hata haitushtui tena. Yosefu na Maria walipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka pamoja na Mtoto, aliyekuwa na umri wa miaka 12. Sikukuu ilipokwisha wakashika njia ya kurudi Nazareti, wakifuatana na jamaa zao na watu wa kwao. Walikwenda mwendo wa siku nzima bila kujua kwamba Mtoto amebaki nyuma. Mwinjili hasemi kwamba walimsahau, wala hasemi kwamba hawakumjali. Aeleza tu kwamba walidhani yumo katika msafara. Wafafanuzi wa kale wa Maandiko walisema kwamba katika safari za namna hiyo wanaume walikwenda kundi lao na wanawake kundi lao, na mtoto aliweza kufuatana na kundi lolote. Basi Maria akadhani yuko kwa Yosefu, na Yosefu akadhani yuko kwa Maria.

Dhana hiyo yafaa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa haikuwa dhana ya kijinga. Kila mmoja alikuwa na sababu njema ya kudhani hivyo. Jamaa walikuwa waaminifu, njia ilijulikana, na Mtoto hakuwa mtundu. Lau wangalisafiri wawili tu, bila shaka wangaligundua kabla ya kulipita lango la mji. Wingi wa watu wema ndio uliowaficha pengo lililokuwapo. Tena huyo alikuwa kijana mwenye akili zake, naye alibaki kwa shauri lake Mwenyewe katika nyumba ya Baba yake, miongoni mwa walimu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anayesimama dede, hana hekalu la kubakia. Ana mfongo wa maji upitao nyuma ya migomba.

Jambo ambalo Mwinjili alilitaja kwa neno moja, wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, wamelipima kwa hesabu. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Darley na Bibb Latané, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya mjini New York. Mwanafunzi mmoja mmoja aliketishwa chumbani peke yake, akazungumza na wenzake kwa chombo cha sauti tu. Mara akasikia mmoja wa wenzake akishikwa na kifafa na kuomba msaada. Kwa kweli ilikuwa ni sauti iliyonaswa kabla, lakini yeye hakujua. Miongoni mwa walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, 85 katika kila 100 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Walioamini kwamba yupo mwingine mmoja anayesikia, walitoka 62. Walioamini kwamba wapo wengine wanne, walitoka 31 tu. Nao waliobaki vitini hawakuwa watu wa moyo mgumu. Mtafiti alipoingia aliwakuta mikono ikiwatetemeka, wakimwuliza kama yule mgonjwa anahudumiwa. Walisikitika kweli. Walikuwa wakingoja mtu atoke, na kila mmoja hakujua kwamba mtu huyo ni yeye.

Tukiyarudisha haya nyumbani tutaona kwamba uangalizi si kama pilau. Pilau ya watu kumi ikigawiwa watu ishirini, kila mmoja hupata nusu ya sehemu yake, na wote huondoka wameonja. Uangalizi wa mtoto ukigawiwa watu ishirini, yawezekana kila mmoja asipate kitu kabisa. Upendo haupungui; bibi hampendi mjukuu wake kidogo kwa sababu shangazi naye yupo. Kinachopungua ni ile hisia ya kwamba, nisipotazama mimi, hakuna atazamaye.

Hapa msomaji mwenye kupenda mila zetu atatupinga, na ana haki ya kutupinga. Atasema: Je, mwataka tulee kama Wazungu, kila mtu na mwanawe chumbani mwake? Wazee hawakusema kwamba mkono mmoja haulei mwana? Walisema, na walisema kweli. Lakini tuangalie walivyofanya. Katika makabila mengi ya nchi yetu, mtoto alipozaliwa alitafutiwa mlezi, mara nyingi binti wa ndugu, naye alijulikana kwa jina mji mzima. Mtoto alipolia watu hawakuuliza tu kwamba jamani mtoto analia. Walimwita mlezi wake. Mama aliporudi shambani alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa mtu, hakumwokota uani. Mikono ilikuwa mingi, nayo ilipokezana, na kila wakati mtoto alikuwa katika mmoja wa mikono hiyo. Tulichokirithi sisi katika nyumba zetu za sikukuu ni ile mikono mingi. Kule kupokezana tumekuacha njiani, pengine katika mojawapo ya vituo vya mabasi.

Na hatari zenyewe ni zipi? Hatutazitaja zote. Kubwa ni maji, na ajabu ni kwamba maji machache hutisha watu wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 yakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtu akisikia hivyo hufikiri bahari ya Hindi au ziwa Viktoria. Lakini mtoto anayetambaa kichwa chake ni kizito kuliko sehemu nyingine za mwili. Akiinama juu ya ndoo huangukia kichwa, na mikono yake haina nguvu ya kumwinua tena. Maji yenye kina cha kiganja yatosha. Tena hapigi kelele. Watu wengi wanangojea kusikia kilio na kishindo, na kwa kuwa hawasikii kitu, hujua kwamba mtoto ametulia. Siku za sikukuu kila pipa, kila beseni na kila ndoo nyumbani hujazwa maji tangu alfajiri kwa ajili ya wageni, na aghalabu hukaa wazi. Ubao, sinia au mfuniko ulioelemewa na jiwe hautaki fedha. Ndoo isiyo na kazi imwagwe na kupinduliwa.

Pili ni moto, na zaidi ya moto, vile vilivyotoka motoni. Mafiga hupangwa uani mahali watoto wanapopita. Sufuria la mtori au la mchuzi wa mbuzi huteremshwa likawekwa chini lipoe, na chini ndiyo nchi ya mtoto anayetambaa. Maji ya nyuzi 60 tu, ambayo mtu mzima huyaona ya moto kidogo, huweza kumwunguza vibaya kwa muda wa sekunde tano hivi; ngozi ya mtoto ni nyembamba, nayo huwahi zaidi. Uji na mtori vina ubaya mwingine: hushikamana na ngozi, haviondoki kama maji. Chai ya mgeni iliyowekwa ukingoni mwa meza yenye kitambaa kinachoning'inia ni mtego uliotegwa kwa heshima zote. Mtoto akiungua, apelekwe kwenye maji safi ya kawaida yanayotiririka, akae humo dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa hospitali. Asipakwe unga, wala yai, wala dawa ya meno, hata kama ameshauri hivyo mtu mwenye mvi nyingi.

Mengine tuyapitie upesi. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Na mtoto aliyeyanywa asitapishwe, maana yakipanda hushuka katika mapafu, ndiko yanakoua. Karanga nzima si chakula cha mtoto wa chini ya miaka minne. Zile betri ndogo mfano wa kifungo, zilizomo katika vitu vya kuchezea vinavyowaka taa na kuimba nyimbo za Noeli, zikimezwa na kukwama kooni huweza kulichoma koo kwa muda wa saa mbili. Hiyo ni safari ya hospitali papo hapo. Kabla ya kurudisha gari nyuma uani, dereva ashuke alizunguke. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba walimolala watu, hata usiku uwe na baridi gani, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu. Naye mtoto aliyekulia nyanda za baridi, kama Njombe au Makete, akipelekwa pwani kwa babu yake, mwili wake haujazoea malaria. Asilale usiku hata mmoja nje ya chandarua eti kwa sababu wageni ni wengi.

Tumekuja sasa kwenye lile swali la kosa. Siku tatu baada ya Noeli, tarehe 28 Desemba, Mama Kanisa huwakumbuka Watoto Mashahidi wa Bethlehemu. Juu ya vifo vyao hakuna anayebishana nani mwenye hatia. Herode yupo, na upanga wake umo mkononi mwa askari wake. Katika nyumba yetu ya sikukuu hakuna Herode. Hakuna aliyetaka, hakuna aliyekusudia, hakuna hata aliyekuwa na hasira siku ile. Kwa hiyo ulimi wetu hukimbilia upesi neno ajali, na kutoka ajali hukimbilia mapenzi ya Mungu, nasi hunawa mikono tukaenda kuchimba kaburi.

Maandiko Matakatifu hayakimbii hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo, ili mtu asianguke kutoka huko juu na kuiletea nyumba ile hatia ya damu. Tazameni: mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Alijenga nyumba nzuri, akamkaribisha mgeni, labda siku ya sikukuu hasa. Hata hivyo, asipojenga ukuta, damu imo katika nyumba yake. Na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mtu aliyechimba shimo na asilifunike alipaswa kulipa ng'ombe au punda wa jirani aliyetumbukia humo. Hakuulizwa kama alimchukia ng'ombe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, alijiuliza swali hili waziwazi: mtu aliyesababisha kifo bila kukusudia, je, ana hatia ya mauaji? Jibu lake, tukilieleza kwa maneno yetu, ni kwamba mtu akifanya jambo la halali na kutumia uangalifu upasao, kisha mwenzake akafa, hana hatia hiyo. Lakini akifanya jambo la halali bila uangalifu upasao, hatia haimwepuki. Maneno yote ya jibu hilo yanaegemea neno moja: upasao. Hakusema uangalifu wa malaika. Mama hawezi kufumbua macho usiku na mchana, wala Mungu hamdai hivyo. Anadaiwa ule uangalifu ambao mtu wa akili, katika hali yake na umaskini wake, aliweza kuutoa. Kufunika ndoo kunapasa. Kutabiri kwamba tawi la mwembe litakatika saa hiyo hiyo hakupasi, maana hakuwezekani.

Wala Kanisa halikuliacha jambo hili katika vitabu tu. Hatari ya mtoto kulaliwa usingizini ni ya kale. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, wale wanawake wawili waliokwenda kuhukumiwa na Sulemani, kesi yao ilianza na mtoto aliyelaliwa na mama yake usiku. Mjini Florence, Italia, katika karne ya 18, kilitumika kifaa kiitwacho arcuccio, mfano wa tao dogo lililomfunika mtoto ili mablanketi na mwili wa mlezi visimwelemee, lakini mlezi aweze kumnyonyesha papo alipolala. Barua iliyochapishwa London mwaka 1732 yaeleza kwamba yaya wote wa mji ule walilazimishwa kukitumia, na asiyekitumia alitishwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Adhabu hiyo twaiona kali mno, wala hatutamani irudishwe. Lakini waliotoa amri ile walifahamu jambo moja: kwamba kifo cha mtoto kitandani si siri ya mbinguni kila mara, na kwamba kipande cha mti kilichochongwa mchana huweza kuzuia maombolezo ya usiku. Katika nyumba yenye wageni, mahali ambapo kitanda kimoja hulaza watu wazima watatu na mtoto mchanga, mchanga huyo na alazwe mahali pake peke yake, chali, hata kama ni juu ya mkeka.

Nchi yetu yenyewe inayo kumbukumbu ya aina hii ambayo haifai kufutika. Siku ya Idi, tarehe 1 Oktoba 2008, mjini Tabora, watoto walipelekwa kwa wingi kucheza dansi katika ukumbi. Walijazana kupita kiasi, hewa ikakosekana, wakakanyagana, na watoto wapatao ishirini wakafa. Walikuwa wakubwa kuliko wale tunaowasema leo, nayo sikukuu ilikuwa ya ndugu zetu Waislamu, lakini jambo ni lile lile. Kila mzazi aliyempa mwanawe senti za kiingilio aliamini kwamba mle ndani wapo watu wazima wanaowatazama watoto. Aliamini kwamba yumo katika msafara.

Pengine mtu atasema kwamba tunataka kuigeuza Noeli kuwa zamu ya askari, kila mtu na saa mkononi, na furaha itoke mlangoni. Hatuoni hivyo. Mama ambaye amemkabidhi mtoto kwa mtu aliyetajwa aweza kula chakula chake kikiwa bado cha moto, jambo ambalo akina mama wengi hawajalifanya tangu walipojifungua. Anayekosa furaha ni yule aketiye na wageni huku sikio moja liko uani. Kukabidhi kwenyewe ni maneno machache tu. Mama amwite mdogo wake kwa jina, amwambie mtoto yu mikononi mwako mpaka nitakapokuja kumchukua. Naye aitikie kwa kinywa chake, asitikise kichwa huku akitazama simu. Asiyeitikia hajapokea. Akitaka kuondoka, asimwache mtoto hewani, bali amkabidhi mwingine kwa maneno yale yale. Anayekunywa pombe asikabidhiwe, hata awe mjomba mpendwa namna gani; mbege ni kinywaji cha heshima Kilimanjaro, lakini haijapata kumlea mtoto.

Hapo yatubidi kusema neno juu ya haki, maana ziko pande mbili zinazoonewa. Wa kwanza ni binti wa miaka minane au tisa, awe wa nyumba hiyo au aliyeletwa kusaidia kazi. Watu wazima wote wakishakaa, mtoto hufungwa mgongoni mwake kwa kanga, naye huambiwa akamchezeshe. Yeye naye ni mtoto. Ni sikukuu yake pia. Ana nguo mpya, na wenzake wanamwita. Akijisahau dakika tano amefanya kama ilivyo desturi ya umri wake, na msiba ukitokea atabebeshwa mzigo wa maisha yake yote. Kumsaidia mkubwa kulea ni malezi mema. Kuachiwa roho ya mtu karibu na mfongo au mekoni ni dhuluma, na dhambi yake haiandikwi kwa jina la binti huyo.

Mwingine ni mama. Mtoto akiungua, swali la kwanza la baba, la mawifi na la majirani ni moja: mama yake alikuwa wapi? Alikuwa akipakua chakula cha hao hao wanaouliza. Ni mara chache tumesikia mtu akiuliza baba alikuwa wapi, ingawa jibu lingekuwa rahisi, kwa sababu kiti chake kinaonekana. Bikira Maria alipomwona Mtoto hekaluni alisema kwamba wamemtafuta kwa uchungu, yeye na baba yake. Hakujitaja peke yake. Wala hakuna mahali popote panapoandikwa kwamba Yosefu alimwuliza mkewe, kule njiani jioni ile, ulikuwa wapi wewe. Walirudi pamoja mwendo ule ule wa siku nzima. Baba wa siku hizi aweza kushika zamu ya saa moja kati ya chakula na jioni, tena ya mtu mzima aliye macho, siyo ya kupita na kumpapasa mtoto kichwani.

Ikiwa msiba umekwisha kuifikia nyumba, tuwe waangalifu na ndimi zetu. Kusema kwamba Mungu alimtaka malaika wake ni kumsingizia Mungu ndoo iliyoachwa wazi na sisi. Kumwambia mama kwamba angemtazama ni kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka, tena mara nyingi ni uongo, kwa kuwa watu ishirini walikuwapo na wote walikuwa na macho. Kama ana hatia, dhamiri yake itamwambia kwa sauti kubwa kuliko yetu, naye padre yupo. Kama hana, hatia tuliyomvika itamwumiza bure miaka mingi. Mwenye kutaka kusaidia na aketi karibu naye, anyamaze, amshike mkono. Walioko uani wachote maji na kuwasha moto, maana waombolezaji wanakuja nao watakula. Na watoto wengine wadogo wa nyumba hiyo, ambao saa hiyo kila mtu anadhani wako kwa mtu mwingine, wapewe mtu mmoja wa kuwaangalia, aitwe kwa jina lake, naye aitikie.